Kurasa Zilizobanwa kwa Pini

Palmarito, Jumatatu, 7 Juni 1937

Leo ghala la tumbaku limefunguliwa. Tuko wanawake sitini na wawili, kila mmoja na pipa lake na ubao juu ya pipa. Mimi nimepewa pipa la tatu kutoka jukwaani, palepale pa mwaka jana. Kazi yetu ni kuvuta mshipa wa katikati ya jani bila kulichana. Hadi jioni vidole vinakuwa vyeusi na vinanata.

Jukwaani anakaa mume wangu, Evaristo, msomaji wetu, tunayemlipa wenyewe kwa mchango. Asubuhi anatusomea gazeti, mchana riwaya, na mikono yetu inakwenda na sauti yake. Watu husema Mungu alimnyima urefu akamlipa koo. Nyumbani hasemi, anapumzisha sauti kwa ajili ya kesho. Nami sisemi, maana ukimsemesha mtu lazima akujibu. Imekuwa hivyo miaka kumi na mmoja. Navua viatu mlangoni, nafunga dirisha mbwa wa jirani wakianza, nikichambua maharage, kokoto nazitia bakulini moja moja zisigonge.

Ndiyo maana naandika. Kalamu haina kelele.

Jumanne, 8 Juni

Tumepiga kura ya riwaya. Imeshinda *Kengele za Villarda*, kitabu kinene cha kutoka Uhispania. Ni habari ya fundi wa kengele aitwaye Baltasar na ugomvi wake na nduguye juu ya karakana ya baba yao. Sura ya kwanza ni nzuri. Kuna moto, kuna padri mwongo.

Alhamisi, 17 Juni

Mvua. Majani yamelainika, kazi inakwenda.

Jumatano, 30 Juni

Sura ya saba. Baltasar ana mke, jina lake Leocadia. Mpaka sasa amebeba taa mara nne na kumimina divai mara tatu. Baltasar anamwambia nyumba inauzwa, kitabu kinasema Leocadia "alinyamaza". Anamwambia mwanawe anapelekwa jeshini, "alinyamaza". Leo Nieves, jirani yangu wa nyumbani na wa pipa, akashindwa kuvumilia. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyu mwanamke amekatwa ulimi, au mwandishi amesahau kuwa naye ana mdomo?"

Ghala zima likacheka. Evaristo akasubiri kicheko kiishe, hakuinua macho kitabuni.

Njiani wakaendelea kubishana. Dulce, ambaye ameolewa mwaka huu, akasema labda Leocadia anampenda sana mumewe. Bibi Eduviges, mkubwa wetu na mwenyekiti wa kamati ya msomaji, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilimpenda Filomeno miaka arobaini, na hakuna siku aliyopata kula kwa utulivu."

Mimi sikusema kitu. Nieves akanitazama, akacheka, akasema nami ni mtu wa Villarda.

Jumatatu, 12 Julai

Evaristo ana kikohozi. Asali na ndimu.

Alhamisi, 15 Julai

Asali na ndimu. Leo amesoma gazeti nusu tu.

Ijumaa, 23 Julai

Imetokea mbele yetu. Baltasar alikuwa anamtukana nduguye sokoni, na Evaristo tunamjua akifika kwenye matusi huinuka kitini. Aliinuka, akafungua mdomo, kukatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Akanywa maji, akajaribu tena. Hapana. Wanawake sitini waliinamisha vichwa kwenye majani ili wasimwone akishuka ngazi.

Jumamosi, 24 Julai

Tumekwenda kwa daktari wa mjini na basi la alfajiri. Amemtazama kooni kwa kioo kidogo. Kuna vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Asiseme hata neno moja mpaka mwisho wa Septemba, hata kunong'ona, hata kuomba chumvi. Akikaidi, sauti haitarudi.

Tumerudi na ubao mdogo wa chaki. Kitu cha kwanza alichoandika: "Ghala?"

Jumatatu, 26 Julai

Bwana Rosendo, msimamizi, amesema anatuhurumia sana, lakini jukwaa tupu ni hasara. Mwenye mali ameshampa redio, iko ofisini kwake ndani ya sanduku. Jumatatu ijayo ataifunga jukwaani. Tutasikia muziki wa Havana bure, bila kumchangia mtu.

Tunajua ilivyokuwa kwenye maghala mengine. Redio ikipanda pale juu haishuki. Na redio haiulizwi swali, na wewe huichagulii cha kusema.

Jumatano, 28 Julai

Jioni Bibi Eduviges amekuja nyumbani na Nieves. Nimewatilia kahawa. Nilidhani wamekuja kumjulia hali Evaristo, kumbe Bibi Eduviges ananitazama mimi. Akaniuliza ni nani kati yetu sitini na wawili anayesoma bila kufuata mstari kwa kidole. Nikasema mimi na Dulce. Akasema Dulce ana sauti ya kifaranga.

"Wewe utapanda Jumatatu," akasema.

Nikamwambia siwezi, sijawahi kusema mbele ya watu. Nieves akasema sikuambiwa niseme, nimeambiwa nisome, maneno yapo tayari.

Nikamgeukia Evaristo. Alikuwa amekaa na ubao magotini. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa, ndipo akaandika: "Nitamfundisha."

Jumamosi, 31 Julai

Mafunzo uani. Ananionyesha kwa mkono: polepole, kifua juu, pumzika kwenye nukta. Nikikosea anagonga meza kwa kidole. Ameigonga sana. Lakini mara moja, nilipomsoma yule padri mwongo kwa pua kama yeye anavyofanya, alitikisika mabega, akacheka bila sauti. Sikumbuki lini nilimchekesha.

Jumapili, 1 Agosti

Amenipa kitabu mkononi. Miaka yote hii nilikuwa navifuta vumbi vitabu vyake kwa nje tu.

Kila ukurasa una alama zake za penseli: hapa panda, hapa shuka, hapa subiri wacheke. Na kuna mistari iliyokatwa. Nimerudi nyuma kutazama. Sura ya saba, Baltasar anasema nyumba inauzwa. Kitabuni Leocadia hanyamazi. Anajibu, mistari sita, na inauma. Evaristo ameikata, na pembeni ameandika "alinyamaza".

Mwanawe kupelekwa jeshini: Leocadia amesema, Evaristo amekata. Kila mahali ni hivyo.

Tena sura ya kumi na tisa, ambayo hatujafika, imebanwa yote kwa pini. Karatasi kumi na moja, pini nne.

Nikamuuliza ni nini hiki. Akaandika: "Ruka."

Nikauliza kwa nini. Akafuta, akaandika: "Msimamizi hataki."

Jumatatu, 2 Agosti

Nimepanda. Gazeti nimelisoma kama mtu anayefukuzwa. Mchana, riwaya, nimepoa kidogo. Nimesoma kama alivyoweka yeye, yaliyokatwa nikayaruka. Leocadia alinyamaza mara mbili, na kila mara neno lilinikwama.

Mwishoni wakapiga viganja kwenye mbao za mapipa. Najua walikuwa wananionea huruma. Hata hivyo nilifurahi.

Ijumaa, 6 Agosti

Nasoma vizuri zaidi. Bwana Rosendo amesema mwezi huu tu, akipata malalamiko redio inapanda.

Jumanne, 10 Agosti

Joto. Nieves ananiambia, wewe sasa ndiye mwenye kitabu, hebu mwambie Leocadia atusaidie basi. Wote wakacheka. Nilicheka nao, na nikaona haya.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku ya kuzaliwa ya Inés, binti yetu. Angekuwa na miaka kumi. Nimewasha mshumaa. Evaristo aliuona, akaenda uani.

Jumatano, 18 Agosti

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya, nimekwenda ofisini kwa Bwana Rosendo peke yangu. Nikamuuliza kama ni yeye aliyekataza sura ya kumi na tisa. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Akasema yeye riwaya hajui zinaanzia wapi, wala hataki kujua. Tusome tunachotaka mradi mikono isisimame.

Kwa hiyo si msimamizi.

Alhamisi, 19 Agosti

Evaristo alikuwa kwa kinyozi. Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikatoa pini.

Baltasar anarudi nyumbani, ameshindwa kesi, karakana imekwenda kwa nduguye. Anakaa mezani kusubiri chakula. Leocadia anazima jiko, anavuta kiti mbele yake, na anasema. Karatasi kumi na moja anasema. Nanukuu hapa ili niwe nayo:

"Baltasar, miaka kumi na tisa nimetembea peku katika nyumba yangu ili wewe usikie kengele zako. Shaba ikipasuka uzi mmoja wewe unaisikia ukiwa ng'ambo ya mtaa. Mimi nimepasuka kwenye kitanda kimoja na wewe, hukusikia kitu."

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa peku, nyumbani kwangu, mume hayupo, na bado nilikuwa nimevua viatu.

Nimerudisha pini matundu yaleyale.

Ijumaa, 20 Agosti

Sura ya kumi na saba. Nina hasira tangu jana, na sijui niiweke wapi. Nimemwekea maharage mezani kwa kishindo. Aliruka, akanitazama. Nikasema samahani. Kisha nikakasirika kwa kusema samahani.

Jumatatu, 23 Agosti

Ameandika ubaoni, bila mimi kuuliza: "Wanasema unasoma vizuri." Amekonda. Mtu aliyezoea kusikilizwa na wanawake sitini sasa anaomba chumvi kwa chaki. Siwezi kumchukia. Ningeweza ingekuwa rahisi zaidi.

Nimeamua nitairuka ile sura. Mtu mgonjwa hapigwi.

Jumatano, 25 Agosti

Naandika hii taratibu, maana nataka iwe sawa.

Mvua ilianza saa sita na haikuacha. Mchana nilimaliza sura ya kumi na nane, Baltasar akitoka mahakamani. Kilichobaki kilikuwa kufunua karatasi zilizobanwa kwa pamoja na kuanza sura ya ishirini. Hapo nikamwona Evaristo. Alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa wa magari, kofia imelowa. Hakuwahi kuja tangu siku ile aliposhuka ngazi.

Nilinyamaza muda mrefu kuliko nukta. Bibi Eduviges akainua kichwa. Akaona kitabu, maana yuko chini yangu kabisa na macho yake ya mbali hayajaharibika.

"Edelmira," akasema, "hizo pini ni za nini?"

Angeuliza mtu mwingine ningesema uongo. Nikasema ni sura iliyofungwa. Akauliza nani kaifunga. Sikutazama mlangoni, lakini Nieves alitazama, na Dulce, na kichwa kimoja baada ya kingine. Evaristo angeweza kuondoka. Mvua isingemzuia, alikuwa ameshalowa. Hakuondoka. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa.

Nikatoa pini ya kwanza. Nilimpa nafasi aondoke. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya nne, nikaziweka mezani.

Nikasoma.

Sikuigiza sauti ya mtu. Nilitumia yangu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa karibu. Nilipofika pale pa miguu peku, mikono ilisimama ghalani. Nimekaa miaka mitano kwenye lile pipa, sijawahi kusikia mikono yote ikisimama. Kulikuwa na mvua juu ya bati tu. Bwana Rosendo akatoka ofisini, akaanza kusema kitu juu ya kazi, na Bibi Eduviges akamwambia bila kugeuka, "Mwache amalize, bwana. Majani yatakuwepo."

Akarudi ndani.

Karatasi kumi na moja. Mwishoni Leocadia haondoki, wala hasamehi. Anamwambia mumewe asimame ajipakulie. Nilipofunga kitabu hakuna aliyepiga ubao. Dulce alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa tumbaku, umemchafua wote. Nilipotazama mlangoni Evaristo alikuwa bado pale.

Tumerudi nyumbani pamoja, mimi mbele kidogo. Mimi nikala, yeye hakula.

Alhamisi, 26 Agosti

Asubuhi nimekuta ubao kwenye meza ya jikoni. Ameandika herufi ndogo, pande zote mbili:

"Niliisoma yote Juni, nikitayarisha. Nikakuona wewe. Sikuweza kukaa juu nikayasema kwa mdomo wangu na wewe uko chini kwenye pipa la tatu. Nikaanza kukata kidogo kidogo ili yule mwanamke asifanane nawe. Kadiri nilivyokata ndivyo alivyofanana nawe."

Nimesoma mara tatu. Kisha nikaenda kazini, nimechelewa, kwa mara ya kwanza.

Ijumaa, 27 Agosti

Redio bado iko ofisini. Bwana Rosendo anasikilizia besiboli peke yake, amefunga mlango.

Jumapili, 29 Agosti

Mvua mchana kutwa, hakuna aliyetoka. Tulikaa sebuleni. Nilikuwa na viatu. Niliviweka makusudi, na vinabana, maana havijazoea nyumba.

Nikamwambia nina jambo la kusema, na kwamba hatahitaji chaki. Akaweka ubao chini.

Nikamwambia habari za siku aliyokufa Inés. Miaka sita nimemwambia ilitokea ghafla. Haikutokea ghafla. Homa ilipanda asubuhi, yeye ameshatoka. Saa sita Nieves akaja, akamwona mtoto, akafunga kitambaa kichwani akasema anakimbia ghalani kumwita baba yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia asubiri, yuko katikati ya sura, akikatizwa wanawake watasema, atashuka saa kumi. Saa nane na nusu Inés akamwita. Aliita "baba", waziwazi, mara mbili. Nikamwambia baba anasoma. Alijua maana yake, tulishamfundisha. Akanyamaza. Saa tisa alikuwa amekufa.

Siku ile, nikamwambia, ulipomaliza walipiga mbao. Nilizisikia kutoka nyumbani.

Nilidhani nitalia, sikulia. Evaristo alikuwa amenyooka kwenye kiti. Halafu akasema. Kwa mdomo. Ilikuwa sauti mbovu, ya mzee, sikuijua.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unasoma," nikasema.

Nilimwambia na lililobaki, kwamba simlaumu yeye peke yake, kwamba mkono uliomshika Nieves ni wangu. Akatikisa kichwa. Akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, kichwa akakilaza gotini kwangu. Alilia bila sauti. Nikamwekea mkono shingoni, pale penye koo. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikawa nyepesi, na tukamzungumzia Inés. Alivyokuwa anawaita kuku kwa majina ya watakatifu. Alivyokataa magimbi. Mengine yeye alikuwa hayajui, mengine mimi nilikuwa nimeyasahau.

Jumatatu, 30 Agosti

Nimemkataza kusema. Maneno matatu ya jana yanatosha mpaka Oktoba.

Jumanne, 7 Septemba

Tumemaliza *Kengele za Villarda*. Kwa ombi la wote nimerudi nyuma, nimewasomea kila mstari uliokatwa. Nieves amesema sasa anamwelewa huyo mama, na kwamba anamwomba radhi kwa habari ya ulimi.

Jumapili, 12 Septemba

Tumekwenda makaburini, wote wawili. Amepalilia kwa mikono.

Jumanne, 21 Septemba

Upepo umepiga pwani ya kusini, hapa imeanguka migomba na paa la banda la kuku la Dulce. Hatukufanya kazi.

Jumamosi, 2 Oktoba

Daktari ametazama kooni. Vinundu vimepungua. Anaweza kusema na hata kusoma, saa moja kwa siku, si zaidi. Sauti haitakuwa ile ya zamani.

Jumatatu, 4 Oktoba

Kamati imepiga kura. Asubuhi gazeti litasomwa na Evaristo, mchana riwaya nitasoma mimi. Hamsini na nne wamekubali, wanane wamekataa. Kati ya wanane ni wawili tu waliosema sababu: wanataka redio. Bibi Eduviges amewaambia waolewe na Bwana Rosendo wasikilize pamoja.

Ijumaa, 8 Oktoba

Wiki ya mwisho ya msimu. Leo Evaristo amepanda kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kwenye pipa langu, mikono ikiwa myeusi kama ya wote.

Hakufungua gazeti mara moja. Sauti yake sasa ni ya chini na ina mchanga, ilibidi tuache kuvuta majani ili tumsikie. Akasema ana neno moja. Akasema miaka kumi na mitano amekaa pale na hajawahi kukatizwa, na alijivunia. Akasema kuanzia leo anayeitwa nyumbani aitwe, kwa sauti, hata kama ni katikati ya neno. Anayetaka kuuliza aulize. "Mkiniona nasoma," akasema, "nikatizeni."

Akafungua gazeti, akaanza habari ya meli iliyokwama bandarini Havana na abiria wake. Alisoma mistari saba, labda minane. Nieves akainua mkono wake uliojaa tumbaku, akasema hajasikia vizuri, meli ilikuwa na watu wangapi.

Evaristo akasimama. Akatafuta kwa kidole.

"Mia mbili na kumi, Nieves," akamwambia. "Na watoto."

Akangoja kuona kama kuna mwingine.